Kabla ya Kengele

Darasa la pili B, shule yetu ya Buza:
watoto themanini na saba, madawati ishirini na tisa,
mimi mmoja, na chaki,
na karatasi ya semina niliyopewa wilayani
yenye maneno mawili yaliyokolezwa wino,
elimu jumuishi.
Niliikunja mara nne
nikaisukuma chini ya mguu wa meza yangu
isitikisike.

Pazi aliletwa mwezi wa pili.
Mama yake, Mwanamvua, mchoma vitumbua,
alisimama mlangoni, unga bado vidoleni,
akasema, "Mwanangu ana usonji,"
kama mtu anayetaja deni mbele ya watu.
Kisha haraka: "Lakini hapigi mtu."

Sikumwuliza ni nini kinachomuumiza yeye.
Niliuliza kama anajua kuandika jina.

Kengele yetu ni ringi ya Fuso
iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini.
Mlinzi Chilumba huigonga kwa nondo
kwa nguvu zote za mtu
asiyesikilizwa siku nzima.
Kwa wale themanini na sita
mlio ule ni uji, ni mpira, ni nyumbani.
Pazi aliingia chini ya dawati
kama aliyemwagiwa maji ya moto,
kichwa ukutani, kichwa ukutani.
Nami (niandike tu, karatasi haina macho)
nilimshika mkono nikamvuta.
"Acha kudeka," nikasema.

Nilisema hivyo siku ngapi?
Daftari la mahudhurio halina safu ya hayo.

Tulikuwa tunajumlisha kwa vizibo vya soda.
Tatu ongeza nne.
Pazi hakuongeza. Alipanga.
Kizibo, kizibo, kizibo, meno juu,
toka miguuni pake,
kupita kiatu cha Tabu,
kupita ndoo ya maji,
mpaka kizingitini.
Nikavizoa kwa ufagio.
Kesho yake akapanga.
Nikazoa. Akapanga.

Ni Tabu aliyesoma kabla yangu,
Tabu ambaye mpaka leo
"ng'ombe" humchukua pumzi mbili:
"Mwalimu, siyo mchezo. Ni njia.
Anataka kutoka kengele haijalia."

Nilisimama na ufagio wangu
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Chilumba alicheka, kisha hakucheka.
Alikata ndala yake kuukuu
akaifunga kwenye ncha ya nondo.
Sasa ringi husema du, du,
wala hakuna aliyechelewa uji.
Na kabla ya hapo Tabu huinua vidole vitano,
vinne, vitatu,
bila kumgusa, bila kumwita,
na Pazi huifuata njia yake
hadi nyuma ya stoo ya mafagio,
hukaa na ukuta
mpaka mlio upite.

Bati la masika sijalipatia dawa.
Mvua ya Aprili haivai ndala.
Siku hizo hupiga kelele, nami sina neno;
hukaa sakafuni upande wake,
mbali kidogo, gauni likilowa,
darasa zima linanitazama nisivyofundisha.

Baba Eliezeri alikuja amefura:
"Huyu anawarudisha nyuma wenzake."
Nilitafuta sentensi za semina, sikuzipata.
Dirishani alimwona mwanawe
akimsogezea Pazi kizibo kilichobingirika,
polepole, kwa kidole kimoja,
mtoto ambaye nyumbani, alisema mwenyewe,
hubamiza kila mlango.
Aliondoka bila kuaga.
Sijui alikwenda na nini.

Jana niliivuta ile karatasi chini ya meza.
Nilitaka kuisoma, safari hii kweli.
Wino umekwisha kwenye mikunjo,
mchwa wamekula "jumuishi" hadi "jumu".
Meza ikaanza kutikisika,
tik, tik, kila nilipoandika.

Pazi aliinuka, hakunitazama.
Akapiga magoti.
Akaweka kizibo chini ya mguu wa meza,
akaibonyeza. Bado.
Akaongeza kimoja.